Tafsiri ya Rugamba

Kinyinya, Kigali
2 Machi 2025

Ndugu Fortunatus,

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu tulipomaliza matanga ya Rugamba mwezi Desemba. Barua yako ya Krismasi ilifika, na simu zako niliziona, nikaziacha zilie. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na mimi nilifundishwa kwamba mwenye hasira asiandike mpaka aweze kutunga sentensi yenye kiima na kiarifu. Leo naweza, ingawa hasira haijapungua.

Baada ya wewe kurudi Musoma, tulikubaliana kuendelea na Jumapili zetu za kutazama mbio za magari za zamani katika chumba cha nyuma cha baa ya Connie pale Gisimenti. Chumba cha mbele amekwisha kuwapa vijana, pamoja na televisheni pana kama mlango wa ghala. Wanatazama magari ya siku hizi, yanayobadilishiwa matairi kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, na madereva wanaoambiwa redioni lini wakanyage na lini wapumzike. Wanasema huenda siku moja mbio hizo zikaletwa hapa Kigali. Na zije. Sitatoka nyumbani. Mimi nataka dereva aliyebadilisha gia kwa mkono mpaka kiganja kikatoka malengelenge, injini iliyotikisa glasi mezani hata kupitia spika mbovu ya Connie, na mtu anayeingia kwenye kona peke yake, bila mnong'ono wa yeyote sikioni.

Basi tulimwomba Kabagwira, binti wa marehemu, atuletee zile kanda za video ambazo baba yake alizirekodi Ubelgiji alipokuwa mhasibu wa shirika la ndege. Tukamwomba pia aketi katika kiti cha baba yake kando ya televisheni, atufasirie maneno ya mtangazaji wa Kifaransa kama Rugamba alivyotufasiria miaka yote. Connie alifurahi. Alisema, "Muzee, deki iko, umeme iko, mutafsiri ndiyo haikuwa. Sasa iko!"

Mimi mwenyewe nilichagua kanda. Nilichagua Dijon, 1979. Huhitaji kukumbushwa: Mkanada wa gari jekundu na Mfaransa wa gari la njano, mizunguko ya mwisho, wakigombea nafasi ya pili, matairi yakigusana, mmoja akitoka nje ya barabara na kurudi, huku aliyeshinda akiwa mbele huko wala hatazamwi na mtu. Na unakumbuka alivyotufasiria Rugamba pale magurudumu yanapogusana: "Tazameni watu wawili wanaoaminiana kuliko ndugu. Kila mmoja ameiweka roho yake kwenye usukani wa mwenzake." Sura ya nne ya kitabu changu inaanza na sentensi hiyo.

Magurudumu yakagusana. Kabagwira akasema: "Anasema, wamegusana. Wamegusana tena. Oh la la."

Nikamwambia arudishe kanda. Akarudisha, akasikiliza, akasema vilevile. Nikamwambia arudishe tena, labda mtangazaji alisema kwa sauti ya chini. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa, akasema, "Baba Nkusi, anasema tu oh la la."

Tukaweka kanda nyingine. Hakuna. Yale maneno kuhusu Mwaustria aliyerudi mashindanoni akiwa bado na vidonda vya moto kichwani, hakuna. Ile sala ya fundi anayesubiri gari ambalo halitarudi, hakuna. Mtangazaji yule anataja namba za magari, muda, hali ya hewa, kisha muda tena.

Fortunatus, unajua kitabu changu kinachapishwa Dar es Salaam katika mfululizo wa vitabu vya historia, na mchapaji anataka muswada kamili kabla ya mwisho wa Juni. Kila sura ina maneno ya "mtangazaji wa Kifaransa" ndani ya alama za nukuu. Matokeo ya mbio niliyahakiki. Maneno sikuyahakiki, kwa sababu sijui Kifaransa, na kwa sababu kumhakiki rafiki aliyeketi ubavuni mwako ni kumwita mwizi. Tena kanuni yetu ilikuwa moja: simu zote kapuni kwa Connie, na kinachotoka kwenye kanda ndicho kilichotokea.

Na siku ya kukura ikiriyo, tulipoondoa matanga, ilipofika zamu yangu ya kumtolea marehemu ushuhuda, nilisimama mbele ya ukoo wake wote nikasema: "Huyu ni mtu ambaye hakuongeza neno wala hakupunguza." Wewe uliketi karibu na mwenzetu Kubwimana. Mliinamisha vichwa. Nilidhani mnalia.

Nakusudia kuyaondoa maneno yote ya Rugamba kitabuni na kuandika dibaji itakayosema wazi kwamba mfasiri wetu alikuwa mwongo. Kabla sijafanya hivyo, nijibu jambo moja, bila mizaha yako. Je, ulijua?

Nkusi

*

Musoma
14 Machi 2025

Mwalimu wangu Nkusi,

Barua yako imefika imekunjamana kama uso wako. Nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nikaona heri niketi.

Unaniuliza kama nilijua. Kifaransa changu unakijua, Mwalimu: ni cha kuomba chumvi mezani, na mara nyingi niliishia kuletewa pilipili. Miaka niliyokaa Kigali nikitoa mizigo ya watu forodhani, nilijifunza neno "bado" kwa lugha nne, na hilo lilinitosha.

Nikwambie ninachojua. Rugamba amekufa. Mfu hana wakili. Ukimshtaki kwenye dibaji, nani atasimama kumtetea? Na nani, katika wasomaji wako wote wa Kiswahili, atafunga safari mpaka Ufaransa kumtafuta mtangazaji wa mwaka sabini na tisa amwulize, "Mzee, ulisema roho kwenye usukani, au ulisema oh la la?" Chapisha kama kilivyo. Watu watakisoma, watalia pale pa kulia, na wajukuu watajua kwamba palikuwa na wakati gari lilikuwa na heshima ya kuharibika na dereva alikuwa na heshima ya kuogopa. Si ndicho ulichotaka?

Tumebaki wachache, ndugu yangu, kama magari yanayomaliza mbio za Monako siku ya mvua. Usimgonge mwenzako wakati bendera ya drafti, ile ya kumaliza mbio, imekwisha kuonekana.

Huku ziwa limechafuka na samaki ni ghali. Mke wangu anakusalimu. Anasema ule, upunguze kuandika.

Wako,
Fortunatus Mwita

*

Kinyinya, Kigali
23 Machi 2025

Binti yangu Kabagwira,

Natumaini hujambo, na mama yako anaendelea kupata nguvu.

Nakuandikia kuhusu kanda. Umezisikiliza, na umeona mwenyewe kwamba maneno ambayo baba yako alitupa kama tafsiri hayamo. Nakuomba uandike tamko fupi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwamba umelinganisha kanda na muswada wangu na kwamba maneno yale ni ya kubuni. Utie saini. Nitaliambatisha na dibaji ya kitabu, ili msomaji asinidhanie mimi kuwa ndiye niliyemdanganya.

Najua ni jambo zito kwa mtoto. Lakini wewe ni mtu wa elimu, na unajua kwamba historia haina mjomba. Nilimpenda baba yako. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa kiasi hiki; mtu hamkasirikii hivi mpita njia.

Nahitaji tamko hilo kabla ya Pasaka.

Mzee wako,
Nkusi

*

Kigali
28 Machi 2025

Baba Nkusi, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mbele ya mama. Aliniomba nisiijibu. Naijibu.

Sitaandika tamko. Naomba unisikilize kwa nini, kisha ukasirike upendavyo.

Nilipokuwa mdogo, kila Jumamosi jioni baba alikuwa anaweka kanda moja nyumbani, ile atakayowaletea kesho. Anaisikiliza, anaisimamisha, anatembea jikoni na mwiko mkononi. Anasema sentensi kwa Kiswahili. Anaikataa. Anasema nyingine. Nilimsikia mara nyingi akijiambia, "Hapana, hii Nkusi ataikataa. Nkusi atauliza kitenzi kiko wapi." Mama alikuwa anamfokea: "Wewe Rugamba, Mfaransa amekwisha nyamaza, na wewe nyamaza tule!" Mimi nilidhani kutafsiri ndiyo hivyo. Nilidhani kila mfasiri anaunguza mboga.

Siku ile kwa Connie nilitafsiri nilichosikia kwa sababu uliniambia nitafsiri. Ningejua kwamba nakupa kisu, nisingekuja.

Unasema maneno yale ni ya kubuni. Ni kweli. Lakini unataka niandike "ya kubuni" kama polisi anavyoandika "ya wizi". Baba hakuchukua kitu chako. Alikuwa anakufanyia kazi wewe, kila Jumamosi, baada ya wiki nzima ya kazi nyingine, na hukuwahi kumwuliza kama amechoka. Kiswahili cha Bujumbura ndicho alichokuwa nacho. Alijifunza chako kwa kuogopa kalamu yako.

Kanda ni mali ya familia. Nitaendelea kuzileta Gisimenti, maana Mama Connie na wengine hawajanikosea. Lakini kitabu kikitoka na neno "mwongo" karibu na jina la baba yangu, nitazichukua zote, na sitakuita baba tena. Kama unayataka maneno yake, weka jina lake. Kama hutaki jina lake, usiwe na maneno yake.

Nisamehe kwa ukali. Nimekulia nyumba ambayo watu wanakuogopa.

Kabagwira

*

Kinyinya, Kigali
11 Mei 2025

Fortunatus,

Ulinijibu kwa chumvi na pilipili. Niliiweka barua yako kando nikamwandikia binti wa Rugamba, naye akanijibu kwa ukali ambao sijawahi kuandikiwa na mtu aliyenipigia shikamoo katika mstari wa kwanza. Kisha ikafika Aprili. Unajua mji huu unavyokuwa Aprili. Connie alifunga chumba cha nyuma, na mimi sikuona haki kuandika maneno makali katika siku za maombolezo ya taifa. Siku hizo zimepita.

Jumapili iliyopita tulirudi Gisimenti. Tulikuwa wanne: mimi, Kubwimana, Auma na Kabagwira, ambaye alinisalimu kwa kunitazama kifuani. Kabla kanda haijawekwa nilisema kwamba nina jambo. Nilieleza yote: maneno ya Rugamba, kitabu, dibaji. Nilieleza kwa utaratibu, kama mtu anayewafikishia wenzake habari ya msiba.

Hakuna aliyeshtuka.

Auma alikuwa anakula burusheti. Aliitoa nyama kinywani, akaishika ile njiti hewani akasema, "Aki Mwalimu, sisi wote tulijua! Wewe tu ndio ulikuwa unaandika!"

Nikamgeukia Kubwimana. Mtu amesomeshwa na mapadri kwa Kifaransa toka utotoni. Miaka yote aliketi pale akimsikia mtangazaji kwa sikio moja na Rugamba kwa sikio jingine, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwuliza, "Nawe?" Akasema, "Mzee Nkusi, Mfaransa alikuwa anatoa habari. Rugamba ndiye alikuwa anatoa mbio." Nikamwambia asinichezee kwa mafumbo. Akasema, "Haya, bila mafumbo: tulikuja kumsikiliza Rugamba. Kama ningetaka Mfaransa, ningebaki nyumbani."

Connie naye, akiwa mlangoni na sahani: "Muzee, hata mimi nilijua, na mimi niko jikoni!"

Nikauliza kama Fortunatus alijua. Wakatazamana. Auma akaanza kutafuna tena.

Kwa hiyo ulijua. Uliketi siku ya kukura ikiriyo ukanisikia nikimtangaza Rugamba kuwa mtu asiyeongeza neno, ukainamisha kichwa. Nilidhani mnalia; kumbe mlikuwa mnazuia kicheko. Mwalimu mzima, mwenye mvi, aliyewafundisha watoto wa nchi mbili kutofautisha hoja na porojo, ameketi miaka yote na kalamu yake akinakili porojo kwa hati nzuri, na marafiki zake wanagongana viwiko chini ya meza. Mlinihurumia? Au mliniona kituko? Sijui lipi kati ya hayo mawili nitakalolisamehe baadaye. Kwa sasa sisamehe lolote.

Dibaji nimekwisha kuiandika. Inasema mwongo, na haisemi mmoja.

Usiniite Mwalimu tena.

Nkusi

*

Musoma
20 Mei 2025

Ndugu Nkusi,

Umenikataza kukuita Mwalimu. Haya.

Nilijua. Kubwimana aliniambia mwaka wa kwanza kabisa, tukiwa tunangoja pikipiki nje ya kwa Connie. Sikukwambia, na sitaomba radhi, wala leo wala siku ya kufa kwangu. Nami nina hasira, tena yangu imelala ndani muda mrefu kuliko yako, kwa hiyo utanisoma mpaka mwisho.

Umesahau ilivyoanza. Mimi sijasahau. Jumapili ya kwanza Rugamba alifasiri sawasawa, neno kwa neno. Gari namba fulani, nyuzi joto kadhaa, mzunguko wa kadhaa. Unakumbuka ulimwambia nini? Ulisimama mbele ya watu wote, ukafunga kalamu yako, ukasema: "Bwana Rugamba, hii ni taarifa ya hali ya hewa. Watu hawa wanakimbilia kifo, na lugha yako inahesabu nyuzi joto. Ama Kifaransa ni lugha iliyokufa, ama wewe hukijui." Watu wakacheka. Nami nilicheka. Rugamba hakucheka. Alikuwa amebeba kanda zile kutoka Ubelgiji kama mtu aliyebeba mayai, akakuletea wewe, nawe ukamfanya mtoto wa shule.

Jumapili iliyofuata akaja na zile roho na ule usukani. Ukaruka kitini. Ukasema, "Hapo sasa!" Ukafungua kalamu. Nilimtazama uso wake, Nkusi. Sijamwona mtu mzima mwenye furaha namna ile kwa sababu ya sentensi.

Ungekuwa wewe ni mimi, ungefanya nini? Ungeinuka useme, "Mwalimu, funga kalamu, huyu anabuni"? Wewe uliagiza chakula, mwenzako akakupikia, sasa unapiga kelele kwamba ng'ombe hakuzaliwa akiwa mchuzi.

Na siku ya kukura ikiriyo hatukucheka. Auma alicheka kidogo. Auma hucheka hata kanisani. Mimi niliinamisha kichwa kwa sababu niliona jinsi ulivyokuwa mwenye fahari, na jinsi mjane alivyokutazama kwa hofu usije ukajua. Hata siku ya kuondoa matanga ya mumewe, mama yule alikuwa anakuogopa wewe.

Andika dibaji yako. Weka na jina langu, Fortunatus Mwita, wa Musoma, mwongo. Lipige chapa nene. Lakini ukimwita Rugamba mwongo, sema pia ni nani aliyeukataa ukweli alipoletewa.

Fortunatus

*

Kinyinya, Kigali
8 Juni 2025

Ndugu Fortunatus,

Barua yako nimeisoma. Nimekaa nayo muda wa kutosha kuchukia kila aya kwa zamu yake.

Nakumbuka ile Jumapili. Nakumbuka kila neno nililosema, na nasema hata leo kwamba ilikuwa taarifa ya hali ya hewa. Sioni kwa nini mtu akiambiwa kazi yake ni baridi aende akabuni. Angeweza kuniambia ninyamaze. Ninyi nyote mngeweza kuniambia ninyamaze. Mnaandika sasa kwamba mlikuwa mkiniogopa, kana kwamba mimi ni chui. Mimi ni mzee wa Kinyinya anayechelewa kuvuka barabara kwa sababu ya malori ya kokoto. Woga wenu mmeulea wenyewe, kisha mnaniletea mimi ankara.

Hata hivyo, nimeufanyia muswada kazi niliyosema nitaifanya. Nimepita ukurasa kwa ukurasa kwa wino mwekundu na kufuta kila sentensi iliyotoka kinywani mwa Rugamba. Kisha nikaketi kuusoma muswada uliobaki. Uko sahihi, Fortunatus. Hakuna kosa hata moja ndani yake. Msomaji atajua nani alishinda wapi, na hatajua kwa nini watu wazima waliacha ibada ya jioni kwenda kutazama mbio ambazo zilikwisha kabla watoto wao hawajazaliwa.

Kabagwira alikuja hapa nyumbani. Nilimwita mimi. Jirani anajenga ghorofa, na mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inanguruma, kwa hiyo tuligombana kwa kupaza sauti, mpaka mafundi wakasimama kusikiliza. Nilimwambia kwamba mtu anayebuni hawezi kuwekwa katika kitabu cha historia. Akasema, "Basi kisiwe cha historia." Nikamwambia kwamba mchapaji amekipokea kwa ajili ya mfululizo wa historia, kikitoka humo kinaweza kisichapwe kabisa, na mimi sina umri wa kungoja mchapaji mwingine. Akasema, "Baba naye umri huo hakuwa nao." Nikamwambia asinitupie maiti mezani. Akasema, "Wewe ulimtupa wa kwanza." Mama yake angemsikia angezimia. Mimi nilimpa chai, maana sikujua kingine cha kufanya, naye akainywa bila kunishukuru.

Kabla ya kuondoka alinionyesha sanduku. Zipo kanda ambazo Rugamba hakuwahi kutuletea. Alikuwa bado anazifanyia kazi, alisema. Nyingine alizisikiliza Jumamosi nyingi na kuziweka kando, hakuridhika.

Jumapili tuliiweka mojawapo. Monako, 1984, katika mvua. Yule kijana wa Brazili, akiwa katika gari ambalo hakuna aliyelidhania lolote, anamfukuza yule Mfaransa waliyemwita Profesa, anamkaribia kila mzunguko, maji yanaruka mpaka huoni barabara, kisha bendera nyekundu, mbio zinasimamishwa. Wewe hukuwapo, kwa hiyo nakwambia ilivyokuwa. Kabagwira alifasiri kwa uaminifu. Mvua ni kubwa. Wamesimamisha. Watapewa nusu ya pointi. Kisha akanyamaza, kwa sababu mtangazaji alinyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mbaya. Hata Auma hakutafuna. Kubwimana akageuka, akaniuliza, bila dhihaka, "Rugamba angesema nini hapa?"

Nikajibu, "Sijui. Hakusema." Nikachukua simu yangu kapuni, nikatoka.

Nilitembea Gisimenti nzima kwa miguu katikati ya muziki wa mabaa na kelele za pikipiki, na njia nzima nilikuwa najaribu, mimi, mwenye vyeti vya lugha ukutani. Kijana, mvua, bendera. Nilipata sentensi tatu. Zote zilikuwa na sarufi, na zote zilikuwa maiti.

Sasa nikueleze hasira yangu ilipofikia, maana imehama. Sina tena hasira na Auma. Nawe bado, lakini unaweza kungoja. Hasira yangu ni kwa Rugamba. Nani alimpa ruhusa ya kufa akiwa na sanduku zima? Angenifanya mjinga miaka mingine mingi, nisingejua, nami ningeandika. Badala yake ameniacha na kanda zinazosema ukweli mtupu na binti anayezifasiri vizuri. Kama angekuwa hai ningemgombeza mpaka vijana wa chumba cha mbele wapunguze sauti ya televisheni yao, kisha ningemwambia aketi, aanze tena kwenye kona ile, na kitenzi asikisahau.

Dibaji nimeichana. Usishangilie, niliichana kwa sababu ilikuwa imeandikwa vibaya. Mezani kwangu zipo nakala mbili. Moja ni ile safi, yenye jina langu peke yake, ambayo mchapaji ataipokea kesho nikimpelekea. Nyingine ina maneno yote ya Rugamba, yameandikwa waziwazi kuwa ni yake, si ya Mfaransa yeyote, na jina lake liko juu ya langu. Hiyo huenda isichapwe popote. Nimemwandikia mchapaji kumwuliza kama nje ya mfululizo wake ana mahali pa kitu kama hicho, nami nimeshindwa hata kumwambia kitu chenyewe kinaitwaje. Kabagwira amesema anataka kuisoma yote kwanza, na kwamba atasahihisha mahali nilipomsahihisha baba yake kupita kiasi. Nimemruhusu. Sijalala vizuri tangu nimruhusu.

Nikishaamua ipi iende na ipi ibaki kabatini, nitakuandikia, kwa wino, siku hiyohiyo. Kabla ya hapo usinipigie simu, wala usiniletee busara ya watu wa ziwani. Ukitaka kuniombea, niombee hasira hii isinitoke kabla sijamaliza.

Nkusi